Shajara: nina digrii ya historia, naitafuta MD (digrii ya udaktari) huku Ohio

Agosti 2023

Nafungua shajara hii kwa sababu nimetafuta sana mtu aliyeandika njia hii kwa Kiswahili nikakosa. Kwa Kingereza yako mengi mpaka yanachosha, ila ya mtu aliyetoka HGL (historia, jiografia na lugha) bongo akaja kusaka udaktari Marekani akiwa na digrii ya historia mkononi, hamna. Basi nitaandika mimi, kila nikipata nafasi, msitegemee kila wiki mana napiga shifti za usiku.

Hali ilivyo kwa kifupi. Advansi nilisoma HGL, alafu familia tukahamia Ohio kwa grini kadi, nikaingia chuo hapa nikachukua BA ya historia. Sayansi pekee niliyoigusa chuoni ni kozi moja ya jiolojia ya kutimiza masharti, tulikuwa tunaangalia mawe. Tangu nimalize nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kama msaidizi wa manesi, hapa Ohio wengi wanaiita STNA: kuogesha, kugeuza, kulisha, kupima presha, kuandika kila kitu. Kazi hiyo ndo iliyonitia kichaa cha udaktari.

Bongo hii ingekuwa stori fupi sana. MD inataka PCB ya kidato cha sita, ukishatupwa HGL ukiwa na miaka kumi na saba umeshaondoka kwenye foleni, labda urudi kufanya Fizikia, Kemia na Biolojia kama mtahiniwa wa kujitegemea au upitie diploma ya utabibu kama cheti chako cha form four kinaruhusu. Marekani udaktari unasomwa baada ya digrii ya kwanza, na hiyo digrii inaweza kuwa ya chochote, muziki, uchumi, historia, ilimradi umesoma kozi za lazima. Kozi zenyewe, shule hazifanani lakini karibu zote zinataka hizi: biolojia semista mbili na maabara, kemia ya jumla semista mbili na maabara, kemia ya oganiki semista moja au mbili, fizikia mbili, biokemia moja, na juu yake wengi wanapenda uwe na takwimu, saikolojia na sosholojia. Hesabu ngumu za kalkulasi shule nyingi hazitaki, fizikia ya aljebra inatosha.

Sasa kitu ambacho nimekaa nacho mezani wiki nzima nikakielewa: kalenda yote inaamuliwa na kemia. Biolojia unaweza kuisogeza, fizikia unaweza kuisogeza, saikolojia unaisoma hata kiangazi, ila kemia ni treni. Huingii Kemia 2 bila Kemia 1, huingii oganiki bila Kemia 2, na biokemia inakusubiri mwisho wa oganiki. Kwa hiyo mtu asiyekuwa na kemia hata moja, awe kipanga vipi, akienda kwa semista za kawaida anahitaji miaka miwili na zaidi kabla hajashika MCAT, mtihani wa kuingilia shule za udaktari, akiwa kamili. Watu wanaouliza "naweza kumaliza kwa mwaka?" jibu liko kwenye kemia, wasitafute kwenye akili zao.

Ziko programu rasmi za watu kama sisi, wanaziita postbak, Bryn Mawr wanayo, Goucher wanayo, Johns Hopkins wanayo, nzuri sana zina washauri na barua za mapendekezo za pamoja za kamati, ila ada yake ni pesa ya kununulia gari jipya. Mimi naenda kuunga mwenyewe, kemia ya jumla na biolojia chuo cha jamii cha hapa karibu, alafu oganiki na kuendelea nihamie chuo kikuu cha miaka minne, mana shule nyingine hazipendi kuona sayansi yako yote imetoka chuo cha jamii. Na mkijaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada serikalini, mjue kabisa, ukishakuwa na digrii ya kwanza ile ruzuku ya Pell Grant hupati tena. Nalipa kwa shifti.

Neno kwa walioko huku kwa viza ya mwanafunzi, F-1: shule nyingi za udaktari Marekani hazichukui wanafunzi wa kigeni, na baadhi ya zinazochukua zinataka uweke ada ya mwaka au ya miaka yote kwenye akaunti maalumu kabla hujaanza. Wenye grini kadi tunahesabiwa kama wenyeji. Na digrii ya nje, hata kama ni nzuri kiasi gani, AMCAS (mfumo wa maombi) hawathibitishi alama za vyuo vya nje, kwa hiyo aliyesoma UDSM au Makerere itabidi asome tena kozi hapa, shule nyingi zinataka na digrii ya hapa. Inauma ila ndo hivo.

Oktoba 2023

Kemia 1. Darasani nina watoto wa miaka kumi na nane waliosoma kemia ya juu sekondari, wanaona kama marudio. Mimi moli niliiacha form four na sikuwa nimeimisi.

Ila nimegundua kitu: asilimia kubwa ya kemia ya semista ya kwanza ni hesabu za uwiano. Gramu kwenda moli, moli kwenda moli, moli kwenda gramu, ukiandika yuniti zako vizuri na kuzikata juu na chini jibu linajitokeza lenyewe. Nimechukua na kozi ya aljebra na trigonometria sambamba, sio lazima, ila logi bila hiyo ningekuwa nakariri tu kama kasuku.

Maabara ndo nimeipenda kuliko nilivyotegemea. Juzi tulifanya titresheni, yaani kupima kiasi cha asidi kwa kuitilia besi. Una mililita 25 za asidi kwenye chupa ya koni, umetia matone mawili ya fenolftalini ya kuonyesha rangi, juu yake bureti imejaa sodiamu hidroksidi, na kazi yako ni kufungua bomba dogo na kuzungusha chupa kwa mkono wa pili. Mwanzo unaachia inatiririka tu, waridi inatokea inapotea, inatokea inapotea. Ukikaribia inaanza kuchelewa kupotea, hapo unapunguza mpaka tone moja moja, na mwisho nusu tone, unaligusisha ukutani mwa chupa na kulisuuza na maji. Unataka waridi hafifu inayokaa sekunde 30, ile ambayo ukiweka karatasi nyeupe chini ndo unaiona. Mwenzangu wa meza alikuwa na haraka yake, alifungua bomba kwa fujo tukapata rangi kama sharubati ya rosela, profesa akapita akaangalia akasema "mara nyingine" akaenda zake. Tukarudia, tukapata.

Shangazi kutoka Muheza ameshaanza. Sauti ya WhatsApp ya dakika nne: "Daktari wangu, goti linanisumbua, hasa asubuhi, nitumie dawa gani?" Nikamjibu, "Shikamoo shangazi, mimi bado nasoma hesabu za kidato cha tatu, nenda hospitali." Akanijibu, "Marahaba mwanangu, basi ukifika kwenye magoti uniambie."

Desemba 2023

Kemia A-, biolojia A, aljebra A. Sina la kuongeza. Nalala.

Februari 2024

Leo nataka kuandika ya kazini. Bila majina na nimebadilisha vitu vichache, sheria ya faragha ya wagonjwa hapa haina utani.

Kuna bibi tunamlea ana moyo dhaifu. Kila asubuhi kabla ya chai, mzani. Agizo limebandikwa: akiongezeka paundi 3 kwa siku moja au 5 kwa wiki, nesi aambiwe mara moja. Nimekuwa nikipima na kuandika namba hiyo muda mrefu kama mtu anayesoma mita ya maji, sikuwahi kujiuliza kwa nini mzani na sio kipimo cha moyo. Wiki iliyopita namvisha soksi naona ile alama ya lastiki imezama zaidi ya jana, nikabonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, nikaachia, shimo likabaki. Kwenye mzani, paundi 4 juu. Nikamwambia nesi, akapiga simu, dawa ikaongezwa, furosemaidi, na kesho yake damu ikachukuliwa kuangalia potasiamu.

Sasa wiki hiyohiyo biolojia tuko kwenye mzunguko wa damu. Moyo ukishindwa kusukuma vizuri, damu inarundikana nyuma yake kwenye mishipa ya veni, presha ndani ya kapilari inapanda, maji yanasukumwa nje kwenye nyama. Figo nazo zinaona damu inayozifikia ni kidogo, zinadhani mwili umekaukiwa, zinashikilia chumvi na maji, hali inazidi. Mtu hajala zaidi, hajaongezeka mafuta, hizo paundi 4 ni maji matupu, kama lita 2. Na dawa inayofukuza chumvi inaondoka na potasiamu pia, na moyo bila potasiamu ya kutosha unaweza kuanza kupiga ovyo, ndo mana damu ikachukuliwa. Nilikaa kwenye gari baada ya shifti na daftari la biolojia nikaandika mnyororo wote kutoka kwenye soksi mpaka kwenye potasiamu, ukurasa mmoja na nusu.

Hicho ndo watu hawaambiwi kuhusu kuingia sayansi ukubwani. Yule dogo wa miaka kumi na nane anajua kanuni kunizidi. Mimi nina bibi mwenye soksi.

Juni 2024

Kiangazi. Nimefanya takwimu na saikolojia, rahisi, kwa mtu wa historia saikolojia ni kusoma tu.

Kazi kubwa imekuwa kutafuta madaktari wa kuwafuata wakiwa kazini, kitu wanaita shedowing. Huku ni karibu lazima ingawa haijaandikwa lazima, wanataka kuona unajua unachokiomba. Barua pepe nilizotuma nyingi hazikujibiwa. Aliyenifungulia ni daktari wa familia, Mkenya, tulikutana kwenye msiba wa mtu wa jamii yetu, nikamweleza, akaniuliza, "Umesoma nini, kijana?" Nikasema historia. Akacheka akasema, "Basi ya mgonjwa utaichukua vizuri." Nikasaini fomu za faragha, nikaonyesha kipimo cha TB na chanjo, nikaanza kukaa kwenye kiti cha pembeni.

Nilichokiona zaidi ni uandishi. Daktari anaongea na mgonjwa dakika kumi na tano, anaandika na anabishana na bima muda unaokaribia huohuo. Anayedhani udaktari ni kukimbia kutoka kwenye karatasi ajipange upya.

Oktoba 2024

Oganiki 1, na fizikia 1 pembeni yake. Nimehamia chuo kikuu, darasa la watu wengi mpaka profesa anaongea na maikrofoni.

Kila mtu aliniambia oganiki ni kukariri. Sikubaliani, na hapa nitasimama. Ukikariri mimenyuko mia mbili utaimwaga yote mlangoni. Ni mchezo wa elektroni zinaondoka wapi zinakwenda wapi, unachora mishale iliyopinda kutoka palipo na elektroni nyingi kwenda palipo na njaa ya elektroni, na ukishazoea unaanza kutabiri hata usichofundishwa. Kwangu inafanana sana na kusoma chanzo cha kihistoria, nani ana nini, nani anataka nini, na kizuizi kiko wapi. Chukua mimenyuko miwili inayoitwa SN1 na SN2, zote mwisho wake kitu kimoja kimetoka kingine kimeingia, swali la mtihani ni kwa njia ipi, na jibu liko kwenye ushahidi: kaboni imebanwa kiasi gani, kiyeyushi ni kipi, anayeshambulia ana nguvu gani.

Nimenunua vile vijiti na vidude vya plastiki vya kujengea molekuli. Mama akaingia sebuleni akanikuta nimevitandaza kwenye kapeti, akasimama, "Mwanangu, hivi hiki ndo chuo au umenunulia watoto wa jirani?" Nikamwonyesha molekuli ya sikloheksani, yenye umbo kama kiti, inavyogeuka, akaangalia kwa adabu kabisa, akasema hongera, akaenda kuwasha jiko.

Machi 2025

Oganiki 2 inaenda. Fizikia 2 ni umeme na lenzi. Sina mapenzi na fizikia na sitajifanya ninayo, napiga msuli napita.

Hesabu moja ya kuwapa wanaonifuata. AMCAS wanakokotoa GPA yako ya jumla na nyingine ya sayansi peke yake, wanaiita BCPM, yaani biolojia, kemia, fizikia na hesabu. Aliyesoma biolojia kama fani ana krediti nyingi za sayansi, C moja inamezwa. Sisi wa historia tuna chache, ndoo ni ndogo, kila tone linaonekana: A zinakupandisha haraka na C moja inakuzamisha haraka. Na ukirudia kozi AMCAS wanahesabu zote mbili, ya zamani haifutwi. Ndo mana sichukui kozi tatu ngumu semista moja hata kama ratiba inaruhusu, na ndo mana nimepunguza shifti kipindi cha pepa, nikala wali na maharage bila nyama, ni sawa tu.

Julai 2025

Tuongee hela. Tarehe 4 Julai imesainiwa sheria mpya, na ndani yake mkopo wa serikali wa Grad PLUS unafutwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Wanafunzi wa udaktari watakopa serikalini mwisho dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Inaonekana pesa nyingi mpaka uangalie gharama za shule, ziko ambazo ada na maisha kwa mwaka vinapita hapo mbali, na pengo itabidi ukalitafute benki binafsi, na benki zinataka mdhamini mwenye historia nzuri ya mkopo. Kwetu wahamiaji mdhamini ni nani? Mama anasafisha ofisi usiku.

Kwa hiyo orodha yangu ya shule nimeipanga upya kwa kuanzia pesa. Kwanza shule za umma za hapa Ohio ambako ni mkazi: Ohio State, Cincinnati, Toledo, Wright State, NEOMED, na Ohio University upande wa DO, ambayo ni digrii nyingine ya udaktari yenye haki kamili ya kutibu. Alafu zile za ada bure: NYU tangu 2018, Einstein pale Bronx baada ya Ruth Gottesman kuwapa dola bilioni moja mwaka 2024, na hapa kwetu ile ya Cleveland Clinic inayoitwa Lerner, miaka mitano, wanafunzi 32 tu kwa mwaka, wote hawalipi ada. Nitaomba, ila naomba nikijua dunia nzima inaomba hukohuko. Nimejaza pia mpango wa AAMC, chama cha shule za udaktari, wa kusaidia wenye kipato kidogo, ukikubaliwa ada ya MCAT inapungua na maombi ya AMCAS hulipi mpaka shule 20. Watu wengi wa jamii zetu wanastahili na hawajui upo.

Novemba 2025

Biokemia. Sasa mambo yote yamekutana: kemia, oganiki, biolojia, na yule bibi.

Amino asidi 20, unatakiwa uzijue umbo, herufi tatu, herufi moja, ipi ina chaji kwenye pH ya damu. Nazipitia kwa kadi za Anki, programu ya kukumbushia, kazini saa tisa usiku nikisubiri nguo zikauke kwenye mashine. Laisini K, arginini R, triptofani W. Nesi wa zamu, mama mmoja wa Ghana, ananiuliza bila kuinua macho, "Histidini?" nami nasema H, anaendelea na karatasi zake.

Na MCAT hairuhusu kikokotoo, kwa hiyo kichwa lazima kizoee. Mfano nilioupenda: bikaboneti ya damu ni 24, kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka ni 1.2, ukigawanya unapata 20, logi ya 20 ni kama 1.3, jumlisha na 6.1 ya kwenye kanuni, inakuja 7.4, ndo pH ya damu yako unaposoma hapa. Logi nilizolipia kule aljebra zimerudisha hela yao.

Januari 2026

Nimeshika tarehe ya MCAT, ni Aprili. Maswali 230, sehemu nne, ukijumlisha na mapumziko unakaa kama saa saba na nusu. Alama kati ya 472 na 528, katikati ni 500. Tatu kati ya hizo sehemu ni sayansi, ukihesabu na ile ya saikolojia na sosholojia. Ya nne ni CARS, makala 9 na maswali 53 kwa dakika 90, falsafa, sanaa, siasa, historia, haidai ujuzi wa sayansi hata kidogo, unasoma na kujibu mwandishi alimaanisha nini.

Hapo ndo wenzangu wa biolojia wanalia na mimi napumua. Ila napumua nusu. Kusoma kwa kushuku, kuuliza huyu anaandikia nani na anaficha nini, hiyo historia ilinifundisha. Dakika kumi kwa makala na maswali yake hainikuzoesha, tena kwa lugha yangu ya pili. Nafanya makala mbili kila siku kabla ya kugusa kitu kingine, natumia za AAMC wenyewe mana za makampuni mengine maswali yake yana ujanja wa ajabu. Video za sayansi natumia Khan Academy, bure.

Kuna jedwali AAMC wanatoa kila mwaka la waombaji kwa fani walizosoma. Watu wa humaniti ni wachache sana ukilinganisha na wa biolojia, ila kiwango chao cha kukubaliwa hakiko chini, kiko juu kidogo. Jamaa wanalisambaza kama ushahidi kwamba sisi tunapendwa. Mimi nalisoma tofauti, wengi wetu walishaishia kwenye Kemia 2 na oganiki, hawakufika kwenye kuhesabiwa. Linakwambia kuhusu waliobaki.

Ratiba sasa. AMCAS wanafungua mwanzoni mwa Mei, kutuma kunaanza mwishoni mwa mwezi huo, na shule zinaita watu kwenye usaili kadri maombi yanavyoingia, ukituma Agosti umejichelewesha mwenyewe. Nikipata nitaanza masomo kiangazi cha 2027. Insha binafsi herufi 5,300 ikiwemo na nafasi, rasimu ya kwanza ilikuwa karibu mara mbili, nakata. Insha ina soksi. Haina HGL, nimeitoa, nilikuwa natumia aya nzima kueleza mfumo wa mitihani wa NECTA kwa mtu atakayesoma kwa dakika tano.

Barua za mapendekezo: shule nyingi zinataka maprofesa wawili wa sayansi na mmoja asiye wa sayansi. Profesa wangu wa historia alikubali siku hiyohiyo. Wa biokemia amekubali, ameomba nimpelekee CV na insha. Wa fizikia hajajibu, nitamfuata ofisini Jumanne baada ya shifti.